Maoni ya Mnunuzi wa Nyumba Namba Arobaini na Saba

Katika nchi moja ambayo haimo kwenye ramani yoyote, kwa sababu ramani yake ilichorwa zamani lakini bado inasubiri mgeni rasmi wa kuizindua, kulikuwa na sheria nzuri sana iliyoitwa Sheria ya Utepe. Ilisema kwamba kitu chochote kilichokatiwa utepe na kiongozi kimekamilika, na kasoro yoyote itakayoonekana baada ya hapo imeletwa na mtumiaji. Wataalamu wa nchi nyingine walikuja kujifunza. Walionyeshwa daraja lenye nusu moja, lililokwisha kuzinduliwa, na wakaelezwa jinsi wananchi walivyoitumia ile nusu ya pili hovyo mpaka ikaisha.

Kwa sheria hiyo hiyo, Waziri wa Makazi na Mapambo, Mheshimiwa Daktari Mtitiko, alizindua Mtaa wa Fahari wenye nyumba mia nne. Siku ya uzinduzi nyumba hazikuwapo. Palikuwa na majani, mbuzi wawili, na utepe mwekundu uliofungwa kati ya vijiti viwili, kwa kuwa Mheshimiwa alikuwa na safari ya nje na ratiba yake isingeweza kusubiri matofali. Alikata utepe, akawapongeza wakazi kwa usafi wa mtaa wao, akapanda gari. Nyumba zilianza kujengwa miezi mitatu baadaye. Hivyo kila ubovu uliotokea ndani yake ulitokea baada ya utepe, na mkandarasi alilala usingizi mzuri.

Miongoni mwa waliopangiwa kuzinunua nyumba hizo alikuwamo Bi Sikudhani Mwinyikombo, mjane, mshonaji wa sare za shule, mwanamke mfupi aliyevaa futi ya kushonea shingoni kama wenzake wanavyovaa mkufu. Nyumba yake mwenyewe, aliyojengewa na marehemu mumewe tofali moja baada ya jingine, ilikuwa imechorwa alama nyekundu ukutani. Barabara kuu mpya ilitaka kupita hapo. Serikali, kwa huruma yake, haikumfukuza. Ilimjulisha tu kwamba fidia yake imekwisha kutumika kumnunulia nyumba namba arobaini na saba huko Fahari, na kwamba siku atakayotia saini kuwa ameridhika nayo, siku hiyo hiyo tingatinga litafika kwake.

Bi Sikudhani hakuogopa kuhama. Aliogopa jambo moja tu. Aliishi na dada yake, Bi Mosi, aliyekuwa amepooza miguu kwa mwaka wa tisa. Nyumba ikianza kulia usiku au mchana, mwenye miguu hutoka mbio. Mosi angetoka na nini? Kwa hiyo aliomba nyumba ikaguliwe na mtu anayejua, kabla hajatia saini. Ombi lenyewe lilikuwa dogo. Katika nchi ile hakuna aliyewahi kuliomba.

*

Kwanza alikwenda kuitazama mwenyewe. Mkandarasi, Bwana Farijala, alimpokea mlangoni akiwa na kofia ngumu ya ujenzi kichwani, mpya, ambayo bado ilikuwa na kibandiko cha dukani.

"Karibu mama, karibu Fahari! Hii ndiyo sebule ya kisasa."

"Mbona dirisha linatazama ukuta?"

"Faragha, mama. Matajiri wanalipia hiyo."

"Na bomba hili linaleta maji kutoka wapi?"

"Halitoki popote. Ni bomba la kujitegemea."

Bi Sikudhani akapita mpaka chumba cha nyuma, ndicho pekee ambacho mlango wake ungepitisha kitanda cha Mosi. Akapanda juu ya ndoo ya rangi, akachomeka sindano ya gunia kwenye ukuta wa mashariki, karibu na dari. Sindano iliingia mpaka kwenye tundu, kama inaingia kwenye mkate wa boflo. Akafunga uzi, na mwisho wa uzi akaning'iniza mkasi wake mzito wa kukatia kitambaa cha drili. Mkasi ukayumba, ukatulia. Juu, uzi ulikuwa umeshika ukuta. Chini, kati ya mkasi na ukuta, palipita ngumi. Akavua futi shingoni, akapima.

"Inchi tatu na nusu," alisema. "Ukuta wako unaingia chumbani, baba."

"Huo mkasi umepinda."

"Mkasi unaning'inia. Utapindaje?"

"Basi ni dunia," alisema Bwana Farijala. "Dunia nayo inazunguka, mama, usiisahau."

Kutoka nyumba ya jirani, namba arobaini na sita, kichwa chenye mvi kilichomoza dirishani. Kilikuwa cha Mzee Pazi, tarishi mstaafu wa posta, aliyekwisha kuhamia mwezi mmoja uliopita. Alikuwa akitoka na kuingia kwa njia hiyo hiyo, kwa kuwa mlango wake ulijengwa bila upande wa kufungukia.

"Bi Siku," alinong'ona, "usiwaudhi. Watakunyima."

"Wataninyima nini, Mzee Pazi? Huu ukuta?"

"We andika tu kama tulivyoandika sisi."

"Uliandika nini?"

"Kazi nzuri, endeleeni hivyo hivyo."

"Na mlango?"

Mzee Pazi akatazama kulia na kushoto. "Dirisha ni pana," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa mkandarasi. "Nashukuru."

*

Idara ya Ukaguzi na Ukarimu ilikuwa ghorofa ya pili ya jengo ambalo ngazi zake zilizinduliwa mpaka ghorofa ya kwanza. Bi Sikudhani alipandishwa kwa kamba pamoja na waombaji wengine, akafikishwa mbele ya Mkaguzi Mwandamizi, Bwana Majaliwa Kipingu, mtu mwenye tai mbili, moja ya kazi na moja ya sherehe, zote kavaa.

"Kasoro ilitokea kabla au baada ya utepe?"

"Ukuta umejengwa baada ya utepe, baba."

"Basi ni kasoro yako." Bwana Kipingu alimtazama kwa masikitiko. "Umeupindaje, mama, na hata hujahamia?"

"Sijaupinda. Nimeukuta. Nataka mtu wa serikali aje aukague."

"Tuna maombi ya uzinduzi, maombi ya hongera, maombi ya kuahirisha. Ya ukaguzi fomu haipo."

"Mnaitwa Idara ya Ukaguzi."

"Jina ni jambo moja," alisema Bwana Kipingu, "na ratiba ni jambo jingine."

Bi Sikudhani hakubishana. Kesho yake alirudi na cherehani yake ya mkono, ikapandishwa kwa kamba, akaiweka juu ya benchi la wageni, akaanza kushona. Alikuwa na sketi mia mbili za shule za kukabidhi. Kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa tisa na nusu cherehani ilizunguka na kulia sikioni mwa idara nzima, siku ya kwanza, siku ya pili, siku ya tano. Siku ya kumi na moja Mkurugenzi wa idara aliamka akiwa anatikisa goti bila kujijua, kwa mwendo wa cherehani, akaamuru mwanamke huyo akaguliwe anachotaka ili aondoke.

*

Wakaguzi tisa walikuja kwa magari manne. Mbele ya nyumba namba arobaini na saba Bwana Farijala alikuwa ametandika turubai, viti vyenye vitambaa vyeupe, pilau, soda baridi, na meza ndogo yenye kitabu cha wageni. Kwa maana katika nchi ile mkaguzi alihesabiwa kuwa mgeni, na mgeni mwenye adabu haingii vyumbani mwa watu, hafunui masufuria, wala hasemi kwamba nyumba ya mwenyeji inavuja. Hula, hushukuru, husaini kitabu. Kitabu kilikuwa na safu ya Jina, safu ya Cheo na safu ya Maoni. Hicho ndicho kilichokuwa ripoti ya ukaguzi, na hapakuwa na nyingine.

Baada ya kula, Bwana Kipingu alisimama, akafuta midomo, akahutubia nyumba.

"Mabibi na mabwana, nimeitazama nyumba hii kutoka upande huu. Nimeitazama nikiwa nimekaa, na sasa naitazama nikiwa nimesimama. Katika hali zote mbili, nyumba imeendelea kuwapo. Taifa gani jingine linaweza kusema hivyo?"

Makofi yalipigwa. Bi Sikudhani akasimama mbele yake.

"Bwana Mkaguzi, hujaingia ndani."

"Mama, sikulelewa hivyo. Niingie chumbani kwa mtu?"

"Ni chumba changu. Nimekuruhusu."

"Bado si chako. Hujatia saini."

"Nikitia saini?"

"Kitakuwa chako, na idara yangu haina mamlaka ya kukagua nyumba ya mtu binafsi."

Akainama, akaandika kitabuni, akarudi kwenye soda yake. Bi Sikudhani alikisogelea kitabu, akakifungua tangu mwanzo. Mstari wa kwanza uliandikwa na msaidizi wa Waziri siku ya utepe, wakati anatazama majani na mbuzi wawili: *Nyumba ni nzuri na imara. Hongereni.* Chini yake ziliandamana kurasa ishirini na mbili za wahandisi, wapimaji, maofisa afya, wazimamoto, wakaguzi na wanunuzi. Wachache, kama Mzee Pazi, walikuwa na maneno yao. Wengine wote waliandika maneno matatu: *Kama hapo juu.*

"Nyumba mia nne," alisema Bi Sikudhani peke yake, "zimekaguliwa na mbuzi."

*

Mnunuzi wa mwisho ambaye hajaridhika ni aibu kwa wizara, kwa hiyo wizara ilitangaza Kilele cha Kuridhika. Waziri angerudi mwenyewe. Mnunuzi angeandika maoni yake kwanza, Mheshimiwa angefuata, kisha maofisa kwa vyeo vyao. Bwana Kipingu alimletea Bi Sikudhani maneno ya kunakili, yamepigwa chapa, yenye "furaha isiyo kifani" katika sehemu tatu. Alimkumbusha pia kwamba tingatinga limekwisha kutiwa mafuta.

Jioni hiyo alimsomea dada yake ile karatasi, akamwuliza afanye nini. Bi Mosi alikuwa kitandani anatoa nyuzi za kushikiza kwa muda kwenye sketi, kazi aliyoifanya kwa kasi kuliko watu wenye miguu.

"Andika tuhame," alisema Mosi. "Ukuta ukiniangukia si utashona sanda? Angalau mteja hatakudai haraka."

"Usifanye mzaha, Mosi."

"Nani anafanya mzaha? Mimi ndiye nitakayelala hapo chini." Akakata uzi kwa meno. "Siku, miaka thelathini nakuona. Lini umemkabidhi mtu sare ukasema inamtosha, na hujampima?"

"Sijawahi."

"Basi mbona unaniuliza?"

Siku ya Kilele bendi ya polisi ilipiga tangu asubuhi. Mheshimiwa Daktari Mtitiko alishuka garini, akakata utepe mwingine, kwa kuwa hakuweza kupita mahali bila kukata kitu, akahutubia kwa saa moja na dakika arobaini juu ya kuridhika kama nguzo ya maendeleo. "Mwananchi asiyeridhika," alinguruma, "anakaa ndani ya nyumba yenye nyufa hata kama nyumba haina nyufa! Na aliyeridhika hana haja hata ya nyumba!"

Kisha Bi Sikudhani akaitwa mezani. Aliiacha ile karatasi ya chapa mkobani. Akaandika taratibu, kwa mwandiko wa mtu aliyezoea kuandika vipimo ambavyo mwingine atakata kitambaa kwa kuvifuata:

*Ukuta wa mashariki umeingia ndani inchi tatu na nusu. Sindano inazama kwenye plasta mpaka tundu. Sijaridhika. Nyumba yangu ya zamani isiguswe mpaka ukuta huu usimame wima.*

Akatia saini, akasogea pembeni. Hakuna aliyesoma. Hapakuwa na desturi ya kusoma. Waziri alipewa kalamu ya dhahabu, akatazama kamera, akaandika alichokuwa akiandika kwa miaka kumi na tano katika shule, zahanati, machinjio na mahabusu: *Naunga mkono yote yaliyoandikwa hapo juu. Utekelezaji uanze mara moja.* Msaidizi akagonga muhuri. Mkurugenzi akaandika *Kama hapo juu.* Bwana Farijala, kwa mbwembwe, akaandika *Kama hapo juu* na kuipigia mstari.

Wa mwisho alikuwa Bwana Kipingu, na kwa bahati mbaya kalamu ilikwama wino. Alipokuwa anaitikisa, jicho lake, bila yeye kulituma, lilianguka kwenye maoni ya nne kwenda juu, ya mshonaji. Likasoma. Tai zote mbili zilimbana kwa pamoja.

"Mama," alinong'ona, "umefanya nini?"

"Nimetoa maoni. Safu si imeandikwa Maoni?"

"Hakuna aliyewahi kutoa maoni humo!"

"Tia saini, baba," alisema Bi Sikudhani. "Wenzako wanasubiri pilau."

Bwana Kipingu akatazama bendi, akamtazama Waziri anayepunga mkono, akatia saini.

*

Kesho yake ukurasa ulisomwa, na wizara ikajifungia siku tatu. Ofisa mmoja alipendekeza ukurasa uchanwe, lakini kuchana saini ya Waziri kulikuwa na adhabu ya miaka saba. Mwingine alipendekeza isemwe kwamba Mheshimiwa hakusoma alichokiunga mkono. Huyo aliombwa atoke nje kidogo apate hewa, na kiti chake kikapewa mtu mwingine. Hapakubaki njia ila kutii. Mheshimiwa alikuwa amesema ukuta umepinda, basi ulikuwa umepinda. Mheshimiwa alikuwa amesema nyumba ya mshonaji isiguswe, basi isingeguswa.

Kuunyoosha ukuta ilikuwa rahisi kuliko yote, lakini Bwana Farijala alikwisha kupewa cheti cha ubora, na kumwambia arudi kazini kungekuwa kukitukana cheti. Kwa hiyo barabara kuu ilipindishwa. Ilikuja imenyooka kutoka mashariki, ikafika kwa Bi Sikudhani, ikazunguka uani kwake kwa heshima, ikaendelea. Na kila Ijumaa Bwana Kipingu alitumwa Fahari na barua rasmi ya kuulizia kama ukuta umekwisha kusimama. Alibisha hodi, akaisoma barua mbele ya ukuta, akangoja dakika tano, akaandika "bado."

Mvua za masika zilikuja mapema. Jumanne moja, saa nne asubuhi, bila kelele nyingi, ukuta wa mashariki wa nyumba namba arobaini na saba ukalala chini. Ulivuta na dari. Bi Sikudhani alikwenda kuona. Mahali ambapo kitanda cha Mosi kingekuwa, palikuwa na rundo la matofali yaliyolowa yakageuka uji. Akavua futi, akapima kimo cha rundo. Lilimfika kifuani. Akaivuta ndoo ile ile ya rangi, akakaa juu yake.

Redio ya taifa ilitangaza jioni kwamba hakuna aliyeumia, shukrani kwa Mheshimiwa Daktari Mtitiko, ambaye miezi miwili kabla ya tukio, kwa kalamu yake mwenyewe, aliona kupinda kwa ukuta ule kwa inchi zake tatu na nusu. Angevishwa Nishani ya Jicho la Taifa siku ya Jumamosi.

Bwana Kipingu alimpelekea Bi Sikudhani kadi ya mwaliko. Alimkuta barazani anapiga pindo.

"Umepewa kiti cha mbele, mama. Utapiga makofi ukiwa kwenye televisheni."

"Na watu wa zile nyumba mia tatu na tisini na tisa, wametolewa?"

"Watolewe kwa nini?"

"Mchanga ni ule ule. Fundi ni yule yule. Mvua ndiyo kwanza inaanza."

"Hizo Mheshimiwa hakuziandikia," alisema Bwana Kipingu. "Hatuwezi kumtangulia."

Bi Sikudhani akaacha kazi. "Wewe unaishi wapi, baba?"

"Fahari. Namba mia moja na kumi." Sauti yake ilipungua. "Nina watoto wanne."

"Umewahi kupima?"

Mkaguzi Mwandamizi akaketi barazani. Bi Sikudhani akaingia ndani, akatoka na kibunda kizima cha uzi mweusi, akakata kipande cha urefu wa ukuta, akamtupia mapajani. "Funga hata ufunguo. Kisha usome. Unajua kusoma, nilikuona siku ile."

Jumamosi viti elfu mbili vilipangwa uwanjani. Bi Sikudhani hakwenda huko. Alikwenda Fahari na mkasi wake, akaanzia kwa Mzee Pazi, na kila aliyechungulia kuuliza anafanya nini alikatiwa kipande cha uzi. Kufika adhuhuri hakuna nyumba mtaani ambamo mtu hakuwa amesimama juu ya stuli. Walining'iniza funguo, vijiko, makufuli, mawe ya mizani. Mtaa mzima ulikuwa unangoja vitu viache kuyumba.

"Inchi tano na robo, Bi Siku," alisema Mzee Pazi. Alirudia kupima, kana kwamba ukuta ungemwonea haya. "Na mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, niliwaambia waendelee."

"Utaniambia baadaye. Toka nje kwanza."

"Na vitu vyangu?"

"Toka nje, Mzee Pazi!"

Akatoka. Wa jirani naye akatoka, na wa ng'ambo, na mwisho wa mtaa Bwana Kipingu alitokea na watoto wake wanne, hana hata tai moja, wakakaa barabarani kwenye matope pamoja na wengine. Kutoka uwanjani kipaza sauti kilikuwa kinawaomba wananchi wampigie Mheshimiwa makofi. Kikaomba tena. Kikaomba mara ya tatu, na baada ya hapo bendi ikaamriwa ipige kwa nguvu zaidi.